Dakika 20 za Mahakama: Kisa cha Askari Harry Farr na Aibu Iliyogeuzwa Kuwa Ushahidi

Saa 12 asubuhi ya tarehe 18 Oktoba 1916, katika kijiji cha Carnoy kaskazini mwa Ufaransa, kundi la askari wa Uingereza lilimpiga risasi mtu aliyevaa sare ileile waliyovaa wao. Jina lake lilikuwa Harry Farr, mwenye umri wa miaka 25, askari wa kawaida katika Batalioni ya 1 ya Rejimenti ya West Yorkshire. Alikataa kufungwa kitambaa machoni. Kosa lililomfikisha pale lilikuwa ni kuonyesha woga mbele ya adui, na mahakama ya kijeshi iliyompata na hatia haikutumia zaidi ya dakika 20 hivi kulisikiliza shauri lake.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi, na mara nyingi kinasimuliwa kama kisa cha ujinga wa zama zilizopita: kwamba watu wa mwaka 1916 hawakujua kuwa vita hujeruhi akili, kwamba laiti wangalijua wasingalimuua. Nimekuwa nikiurudia ushahidi wa shauri hili kwa muda mrefu, na kila ninapousoma naona maelezo hayo hayatoshi. Waliomhukumu Farr walikuwa na habari za ugonjwa wake mezani. Sajenti aliyemfahamu aliutaja, mshtakiwa mwenyewe aliueleza, na afisa wake aliandika kuuhusu kwa mkono wake. Jambo linalohitaji kuchambuliwa, basi, ni namna habari zilizopaswa kumwokoa mtu zilivyosomwa kwa jicho la unyanyapaa mpaka zikamfunga.

Mgonjwa anayejulikana

Farr hakuwa kijana aliyechukuliwa kwa nguvu akatupwa vitani asijue bunduki ni nini. Alijiunga na jeshi mwaka 1908, akatumikia hadi mwaka 1912, kisha akawa askari wa akiba. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwezi Agosti 1914 aliitwa tena, na kabla mwaka haujaisha alikuwa Ufaransa. Kwa hiyo, siku aliyoshtakiwa kwa woga, alikuwa amekaa katika medani ya vita karibu miaka miwili, muda mrefu kuliko wengi waliokuwa wakipigana kando yake.

Mwezi Mei 1915 alianguka. Alipelekwa hospitalini Boulogne akiwa na kile kilichoitwa mshtuko wa makombora, akakaa huko miezi mitano. Mkewe alieleza baadaye kwamba katika kipindi hicho alipokea barua kutoka kwa mumewe iliyoandikwa kwa mwandiko wa mtu mwingine. Harry alijua kusoma na kuandika vizuri, lakini mkono wake ulikuwa ukitetemeka kiasi cha kushindwa kushika kalamu, hivyo muuguzi ndiye aliyemwandikia. Msomaji aikumbuke barua hii. Katika kisa chote, hakuna kipimo cha daktari kinachoonyesha hali ya mtu huyu kwa uwazi kuuzidi mwandiko huo wa kuazima.

Baada ya miezi hiyo mitano alirudishwa mstari wa mbele. Aprili 1916 alitibiwa tena kwa ajili ya mishipa ya fahamu, safari hii kwa wiki mbili katika kituo cha tiba kilichokuwa karibu na mapigano. Tarehe 22 Julai 1916 alipelekwa tena kwa sababu hiyohiyo, akalazwa usiku mmoja, akaruhusiwa kesho yake. Miezi mitano, kisha wiki mbili, kisha usiku mmoja. Kila alipougua aliongezewa siku za vita na kupunguziwa siku za kitandani, wakati ugonjwa wenyewe hauonekani kuwa uliwahi kupona.

Jina la mshtuko wa makombora lilikuwa jipya. Daktari Charles Myers, mwanasaikolojia aliyekuwa akilihudumia jeshi la Uingereza huko Ufaransa, aliandika makala iliyolitia jina hilo katika maandishi ya kitabibu mwezi Februari 1915 katika jarida la Lancet. Mwanzoni madaktari wengi walidhani kwamba kishindo cha kombora linalolipuka karibu huutikisa ubongo wenyewe, na kwamba kutetemeka, kupoteza usemi, kupoteza kumbukumbu na kushindwa kulala hutokana na mtikiso huo. Lakini punde wagonjwa walianza kuletwa ambao hawakuwahi kuwa karibu na mlipuko wowote, huku dalili zao zikiwa zilezile. Hapo jeshi lilikabiliwa na swali gumu: kama si kombora lililowadhuru, ni nini?

Jibu la jeshi lilikuwa la kiutawala. Wagonjwa waligawanywa mafungu mawili, wale ambao hali yao ilihesabiwa kuwa jeraha lililosababishwa na adui, na wale waliohesabiwa kuwa wagonjwa tu. Wa fungu la kwanza waliruhusiwa kuvaa alama ya majeruhi kwenye mkono wa sare, nao walikuwa na haki ya pensheni. Wa fungu la pili hawakuwa na heshima hiyo. Mgawanyo huu unanishughulisha kuliko mambo mengi katika historia ya tiba ya vita, kwa sababu unaonyesha unyanyapaa ukiwa umeandikwa rasmi, una karani na una fomu. Kutetemeka kwa mtu mmoja kulihesabiwa kuwa ni heshima na kwa mwenzake kulihesabiwa kuwa ni udhaifu wa tabia, na kilichowatenganisha kilikuwa ni mahali kombora lilipoangukia. Inakadiriwa kwamba hadi vita vinamalizika jeshi la Uingereza lilikuwa limewatibu watu wapatao 80,000 kwa hali hiyo.

Tarehe 17 Septemba

Mapigano ya Somme yalikuwa yameanza tarehe 1 Julai 1916, siku ambayo jeshi la Uingereza lilipoteza watu 57,470 kwa jumla, waliouawa wakiwa 19,240. Kufikia katikati ya Septemba mapigano hayo yalikuwa yangali yakiendelea, na divisheni ya Farr ilikuwa katikati yake.

Saa 3 hivi asubuhi ya tarehe 17 Septemba, Farr alimwendea mkubwa wake akaomba kuondoka mstarini kwa sababu hajiwezi. Aliambiwa aende kwa daktari. Alikwenda, na kwa maelezo aliyoyatoa mahakamani, kituo cha tiba hakikumpokea kwa kuwa hakuwa na jeraha. Maelezo hayo ni mafupi, na mahakama haionekani kuwa iliyafuatilia, lakini kwangu hapo ndipo kisa kilipogeuka. Mtu alipewa amri ya kwenda kwa daktari, akaitii, akarudishwa kwa sababu ugonjwa wake haukuwa na damu. Tangu dakika hiyo hakukuwa tena na mlango wowote halali uliobaki wazi kwake.

Usiku huo alitakiwa aende mbele pamoja na kundi lililokuwa likipeleka chakula mahandakini. Saa 2 usiku ilionekana kwamba hayupo. Saa 5 usiku sajinimeja alimkuta nyuma, mahali walipokaa watu wa usafirishaji, akamuuliza kwa nini yuko pale. Farr alijibu kwamba hawezi kustahimili. Sajinimeja alimwamuru aende mbele. Farr akasema tena hawezi. Kwa ushahidi wa Farr, mkubwa huyo alimtukana matusi mazito, akamwita mwoga, na akamwambia kwamba haoni thamani ya maisha yake mwenyewe wala ya Farr, na kwamba atahakikisha anapigwa risasi.

Walimweka chini ya ulinzi wa askari wenzake ili wampeleke mahandakini kwa nguvu. Njiani alipambana nao, akaponyoka, akakimbia kurudi kulekule nyuma. Mwenyewe aliiambia mahakama kwamba baada ya kusukumwa na kuvutana na walinzi hao hakumbuki kitu chochote mpaka asubuhi iliyofuata alipojikuta kizuizini.

Inafaa kutazama alikokimbilia. Hakuelekea pwani, wala hakuvua sare, wala hakujificha katika shamba la mtu. Alikimbilia kwa watu wa jeshi lake, mahali ambapo alikwishapatikana mara moja usiku huohuo na ambapo alijua atapatikana tena. Mtoro wa kukusudia hafanyi hivyo. Hivyo ndivyo afanyavyo mtu ambaye mwili wake umekataa kwenda upande mmoja, huku akili yake haina mpango wowote wa upande mwingine.

Chumba cha mahakama

Shauri lilisikilizwa tarehe 2 Oktoba 1916 katika kijiji cha Ville-sur-Ancre. Farr hakuwa na mtetezi. Alijitetea mwenyewe, askari wa kawaida mbele ya maafisa, katika shauri ambalo adhabu yake ya juu ni kifo. Daktari aliyemjua na ambaye angeweza kueleza historia ya maradhi yake hakuwapo, kwa kuwa alikuwa amejeruhiwa na kuondolewa. Daktari mwingine alimkagua siku hiyo na kuthibitisha kwamba hali yake ya mwili na akili kwa jumla inaridhisha.

Sajenti mmoja alisema kwamba mshtakiwa aliwahi kutibiwa kwa ajili ya mishipa ya fahamu. Farr mwenyewe alizieleza nyakati zake za kulazwa. Kisha mahakama ikamuuliza kama kuanzia tarehe 17 Septemba hadi siku ile ya shauri alikuwa na nafasi ya kujiandikisha kuwa mgonjwa. Alijibu kwamba nafasi ilikuwapo. Akaulizwa kwa nini basi hakuitumia. Alijibu kwamba alipokuwa mbali na mlio wa makombora alijisikia nafuu.

Jibu hili linastahili kukaliwa kwa muda, kwa kuwa ndilo kiini cha kisa chote. Kwa daktari yeyote wa leo anayehudumia wanajeshi, ni maelezo sahihi kabisa ya kiwewe. Mwili uliokwisha kujifunza kwamba sauti fulani inatangulia kifo huendelea kuijibu sauti hiyo kama kifo chenyewe: moyo hupiga mbio, misuli hukaza, mikono hutetemeka, pumzi hukatika, na uwezo wa kufikiri kwa utulivu hupungua kwa sababu ubongo umehamishia nguvu zake zote kwenye kujinusuru. Ukiiondoa sauti, mwili hutulia kwa kiasi. Mgonjwa hujisikia nafuu, na nafuu hiyo ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, kama vile mwenye pumu anavyopumua vizuri akiondoka kwenye vumbi.

Kwa mahakama ile, jibu hilohilo lilikuwa ungamo. Mtu anayepata nafuu akiwa mbali na hatari, walifikiri, ni mtu ambaye tatizo lake ni hatari. Na mtu ambaye tatizo lake ni hatari ni mwoga. Farr alikuwa amesema ukweli bila kuupamba, tena bila hila yoyote, kwani mwenye hila angalijua kwamba jibu la kumwokoa lilikuwa kudai kwamba bado anaumwa. Unyofu wa jibu ulikuwa dalili ya kwamba hajifanyi, lakini ulihesabiwa dhidi yake.

Hapa unyanyapaa unaonekana kwa umbo lake halisi. Tumezoea kuufikiria kama dharau, kejeli, jina baya mtu anapopita. Katika chumba kile haukuhitaji kuwa na sauti ya dharau hata kidogo. Ulikuwa ni utaratibu wa kusoma. Kutetemeka kulisomwa kama kukosa ujasiri, kuomba msaada kulisomwa kama kukwepa wajibu, kupata nafuu kulisomwa kama uthibitisho wa ulaghai, na kutopata nafuu, kama kungekuwapo, kungesomwa kama ukaidi. Dalili haikuwa na njia ya kuonekana kama dalili, kwa sababu swali lililoulizwa lilihusu tabia ya mtu tangu mwanzo hadi mwisho.

Afisa wake alikaribia sana kulivunja duara hilo. Katika maelezo yake kwa maandishi alisema kwamba hawezi kueleza ni kitu gani kilichoharibu mishipa ya fahamu ya mtu huyu, ila kwamba mara nyingi ameonekana kushindwa kujitawala katika mapigano na anaweza kuwatia wenzake kiwewe. Na kwamba, ukiacha mwenendo wake chini ya makombora, tabia yake ni nzuri sana. Soma sentensi hiyo upya. Inakiri kwamba mishipa imeharibiwa, yaani kuna kitu kilichoiharibu. Inakiri kwamba mtu huyu ni mwema katika kila hali isipokuwa hali moja. Zote mbili ni hoja za tiba. Lakini afisa alizitumia kueleza hatari ambayo Farr aliwaletea wengine, na hapo hoja ya tiba ikawa hoja ya nidhamu.

Kalamu zilizofuata

Hukumu ya kifo haikutekelezwa papo hapo. Ililazimika kupanda ngazi za makamanda, kila mmoja akitoa maoni yake, hadi imfikie Jenerali Douglas Haig aliyekuwa mkuu wa majeshi ya Uingereza katika upande huo wa vita. Katika muda wote wa vita mahakama za kijeshi za Uingereza zilitoa hukumu za kifo 3,080 hivi, na zilizotekelezwa ni 346. Yaani karibu mara tisa kati ya kumi kulipatikana mkubwa aliyezuia. Kati ya hao 346 waliouawa, waliopatikana na hatia ya woga walikuwa 18 tu.

Takwimu hizi hutajwa na watu wanaotaka kuonyesha kwamba jeshi lilikuwa na huruma kuliko linavyodhaniwa, na kuna ukweli ndani yake. Lakini kwa kisa cha Farr zinazidisha uzito wa swali: kama wengi walinusurika, kwa nini mtu mwenye kumbukumbu ya miezi mitano hospitalini hakuwa mmoja wao? Jibu liko katika mambo ambayo makamanda walitakiwa kuyaeleza. Walitakiwa kusema juu ya tabia ya mtu na thamani yake kama mpiganaji, juu ya hali ya nidhamu katika batalioni yake, na kama kosa lilikusudiwa. Hakuna hata moja kati ya mambo hayo linalouliza kama mtu ni mgonjwa. Kwa mizani hiyo, mgonjwa wa muda mrefu yuko katika hatari kubwa kuliko mtoro wa mara moja, kwa kuwa kila mara alipougua thamani yake kama mpiganaji ilishuka, na kila kushuka kuliandikwa.

Jenerali mmoja wa ngazi ya juu aliandika kwamba shtaka la woga limethibitika waziwazi, kwamba maoni ya sajinimeja juu ya mtu huyu ni mabaya, na kwamba amearifiwa kuwa askari wenzake wanajua hafai kitu. Sajinimeja huyo ndiye ambaye Farr alieleza kwamba aliapa kumfanya apigwe risasi. Na yale ya kwamba askari wenzake wanajua yalikuwa ni uvumi uliopanda ngazi ukapewa muhuri. Haig alithibitisha hukumu tarehe 14 Oktoba. Siku nne baadaye ikatekelezwa.

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo sipendi kuipita haraka. Jeshi lililo katikati ya mapigano makubwa namna ile haliwezi kuruhusu kila anayesema hawezi aende nyuma. Hofu huambukiza, na mstari ukivunjika watakaokufa ni wengi kuliko mmoja. Makamanda walioamini hivyo hawakuwa wote wakatili, na wengine walikuwa wamezika vijana wao wenyewe. Hoja hii inaeleza kwa nini Farr hakupaswa kuwa mstari wa mbele. Haielezi kwa nini alipaswa kufa. Kama kweli alikuwa mtu wa kuwatia wenzake hofu, dawa yake ilikuwa kumwondoa, na jeshi lilikuwa na kazi nyingi sana nyuma ya mstari ambazo mtu mwenye tabia nzuri sana, kwa maneno ya afisa wake, angezifanya.

Barua iliyofichwa kifuani

Mjane wake, Gertrude, aliarifiwa kwa barua fupi kwamba mumewe amefariki, kwamba alihukumiwa kwa woga, na kwamba amepigwa risasi alfajiri. Aliichukua barua hiyo akaificha ndani ya blauzi yake ili mtu asiione. Padri wa jeshi aliyekuwa na Farr mwishoni alimpelekea ujumbe mwingine, kwamba hajawahi kuishi askari bora kuliko yeye, lakini ujumbe wa padri haukuwa na nguvu ya kiserikali na barua ile ilikuwa nayo. Malipo aliyokuwa akiyapata kama mke wa askari yalikatizwa. Mama na binti yake, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka mitatu, walipoteza makazi, na Gertrude akaenda kufanya kazi za ndani katika nyumba ya watu wengine.

Baba yake Harry hakulitaja tena jina la mwanawe. Binti alikua akijua tu kwamba baba yake alifia vitani, na alikuwa mtu mzima alipoambiwa alikufa namna gani. Kwa miongo kadhaa Gertrude aliishi na siri hiyo katikati ya wajane wengine, ambao kila mwezi Novemba walivaa ua jekundu la kumbukumbu na kutaja majina ya waume wao kwa sauti.

Risasi zilimpata mtu mmoja. Aibu ilimpata mke, mtoto, baba na mama, nayo haikuhitaji mahakama wala ulinzi. Wao wenyewe waliifunga midomo yao. Nadhani hii ndiyo sehemu ya kisa ambayo wanaoshughulika na afya ya akili ya wanajeshi leo wangeitambua mara moja, hata katika majeshi ambayo hayaui tena wagonjwa wake. Utafiti wa wanajeshi wa Marekani waliopigana Iraq na Afghanistan, uliochapishwa mwaka 2004 katika New England Journal of Medicine, ulionyesha kwamba kati ya waliokuwa na dalili za kutosha za ugonjwa wa akili, waliotafuta msaada walikuwa kati ya asilimia 23 na 40 tu. Wenye dalili ndio walioogopa zaidi, kwa kiasi cha mara mbili ya wasio na dalili, kwamba wataonekana dhaifu au kwamba wakubwa wao watawatendea tofauti. Hivyo hofu ya aibu ilikuwa kubwa zaidi kwa wale hasa waliohitaji tiba.

Askari anayenyamaza siku hizi huambiwa kwamba angalizungumza mapema angalisaidiwa, na kampeni nyingi za majeshi zimejengwa juu ya wito huo wa kuzungumza. Sina neno dhidi ya wito wenyewe. Lakini Farr alizungumza. Alizungumza saa 3 asubuhi kabla hajafanya kosa lolote, akazungumza saa 5 usiku, akazungumza mbele ya mahakama. Kama anayesikiliza amekwisha kuamua kwamba maneno hayo ni ya mwoga, kumhimiza mgonjwa aseme ni kumtuma akajishtaki. Kazi kubwa iko kwa mpokeaji wa maneno: sajinimeja, daktari wa zamu, kamanda anayeandika maoni pembeni mwa jalada, na huko ndiko nisikoona juhudi inayolingana.

Miaka 90

Bunge la Uingereza lilifuta adhabu ya kifo kwa woga na utoro wa kijeshi mwaka 1930. Mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliuingiza rasmi katika orodha yake ya magonjwa mfadhaiko unaofuata kiwewe, na tangu hapo ikawa vigumu kwa mtu yeyote kudai kwamba hali ya Farr ni ya kubuni. Hata hivyo, kesi yake iliendelea kukwama. Mwezi Februari 1993 Waziri Mkuu John Major alikataa ombi la msamaha kwa waliouawa, kwa hoja kwamba historia haiwezi kuandikwa upya kwa hukumu za nyakati za baadaye. Gertrude alifariki mwaka huohuo akiwa na umri wa miaka 99. Mwaka 1998 serikali iliyofuata ilionyesha majuto lakini haikutoa msamaha.

Hoja ya Major ina nguvu kwa baadhi ya visa. Miongoni mwa waliouawa wamo ambao hakuna awezaye kusema kwa hakika walikuwa wagonjwa au la, kwa kuwa kumbukumbu zao ni chache. Kwa Farr hoja hiyo haina mahali pa kushika, kwa sababu aliyemlaza hospitalini mwaka 1915 alikuwa ni daktari wa mwaka 1915.

Binti yake hakuacha. Familia ilifika hadi Mahakama Kuu, na tarehe 16 Agosti 2006 Waziri wa Ulinzi Des Browne alitangaza kwamba serikali ingeomba msamaha wa Bunge kwa wote kwa pamoja. Binti alikuwa na miaka 93. Sheria ya Majeshi ya mwaka 2006, iliyoidhinishwa mwezi Novemba mwaka huo, iliwasamehe askari 306 waliouawa kwa makosa kama utoro na woga katika Vita Kuu ya Kwanza. Sheria hiyohiyo inatamka kwamba msamaha hauigusi hatia wala adhabu iliyotolewa. Kwa hiyo katika karatasi za tarehe 2 Oktoba 1916 Harry Farr bado ni mtu aliyepatikana na hatia ya woga, ingawa amesamehewa.

Kaburi lake halijulikani. Jina lake limechongwa kwenye mnara wa Thiepval, pamoja na majina mengine zaidi ya 70,000 ya waliopotea katika eneo la Somme, na jiwe halisemi nani alikufa vipi. Mnara huo ulizinduliwa tarehe 1 Agosti 1932. Jina lilikuwa pale, limepangwa sawa na ya wenzake wa rejimenti, katika miaka ileile ambayo mjane wake hakuthubutu kulitaja.